Idara ya Sayansi na Spana ya Mzee Wetu

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa tawi, Pioneer, Eldoret)



Tumeombwa na Halmashauri ya Tawi tuseme habari za ile idara ya Serikali iangaliayo mambo ya sayansi na utafiti. Tulipopewa kazi hii tulicheka kidogo. Sisi watu wa gengi la njia, tuliosoma shule za misheni mpaka darasa la nane tukaishia hapo, twaambiwa tusimame tuseme habari za sayansi! Lakini tulipokaa na kulifikiri jambo lenyewe tuliona ya kuwa linatuhusu kuliko tulivyodhani. Lahusu kazi ya mikono yetu, na lahusu ni nani atakayeandikwa jina lake juu ya kazi hiyo.

Tutaanza na kisa, kwa maana bila kisa hiki hata sisi tusingalijua kuna idara kama hiyo.

Wengi wenu mwamkumbuka mzee wetu aliyekuwa nyapara wa gengi letu upande wa Timboroa. Jina lake hatulitaji, naye ametuomba tusilitaje. Mwajua mahali penyewe. Njia imepanda kupita futi 9,000, ukungu hushuka saa nane za mchana, mvua haiishi, na nati za maungio ya reli hushikwa na kutu hata ukadhani zimechomewa. Desturi ilikuwa watu wawili washike spana moja, na wa tatu agonge kwa nyundo. Mara kwa mara spana huruka. Tunaye mwenzetu hapa mbele ambaye kidole chake kimoja kilibaki huko huko Timboroa.

Basi mzee alichukua springi kuukuu ya behewa, akaja nayo mpaka Langas kwa fundi wa jua kali, akaagiza imkatwe meno kwa ndani, kisha ikachomewa kwenye bomba refu. Spana ile ukiitia katika nati haichomoki. Mtu mmoja akiegemea tu kwa uzito wake, nati yalegea. Tuliitumia miaka mingi. Katika miaka hiyo hatukupeleka mtu hospitali kwa ajili ya spana hata mara moja.

Siku moja walikuja wageni wawili, vijana wenye adabu, wana barua mkononi. Walisema wanafanya utafiti juu ya usalama wa watu wa njia. Tuliwakaribisha, tukawapa chai. Mzee akawaonyesha spana yake. Wakaipima kwa utepe, wakapiga picha, wakaandika katika vitabu vyao, wakashukuru, wakaenda. Hatukuwauliza neno lo lote. Ulipopita mwaka na zaidi kidogo, tulipelekewa spana mpya zimepakwa rangi nyekundu, pamoja na karatasi yenye mchoro na jina la mtu tusiyemjua. Ndugu zetu, ilikuwa ni spana ile ile. Fundi wa Langas alikuwa amelikata jino la tatu vibaya, likawa fupi kuliko mengine. Na katika zile nyekundu jino la tatu lilikuwa fupi.

Mzee aliishika, akaigeuza, akasema, "Hata kosa letu wamelichukua." Akairudisha chini. Baada ya miezi michache alistaafu, akaenda kwake na jembe lake.

Hatusemi wageni wale walitumwa na nani, wala hatumshitaki mtu hapa. Huenda na wao walinyang'anywa. Tunachosema ni kuwa siku ile hatukujua mahali pa kwenda kuuliza. Ndipo tukaanza kutafuta.

Tulipotafuta tuligundua ya kuwa sayansi ya nchi hii na reli yetu ni ndugu wa nyumba moja. Zamani reli ilikuwa moja kwa Kenya, Uganda na Tanzania, na utafiti mwingi nao ulikuwa wa pamoja. Kituo cha Muguga, kilichochunguza kilimo na misitu, kilikuwa cha Afrika Mashariki nzima. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Kila nchi ikachukua mabehewa yake, na kila nchi ikachukua maabara yaliyo katika ardhi yake. Mwaka huo huo Kenya ilitunga Sheria ya Sayansi na Teknolojia, likawekwa Baraza la Taifa la kuishauri Serikali. Mwaka 1979, chini ya sheria hiyo, zikazaliwa KARI ya kilimo, KEMRI ya magonjwa ya binadamu na KIRDI ya viwanda. Wazee wetu waliokuwa kazini wakati ule wanajua ilivyokuwa kuamka asubuhi na mwajiri wako amekwisha kugawanywa.

Tangu hapo idara ya sayansi imehamishwa kama behewa linalotafutiwa njia katika yadi. Mwaka 2003 ilifungwa pamoja na Elimu. Mwaka 2005 ikapewa waziri wake yenyewe. Mwaka 2008 ikafungwa na Elimu ya Juu. Mwaka 2013 ikarudi kwa Elimu. Mwaka 2025 ikawa Idara ya Sayansi, Utafiti na Ubunifu yenye katibu wake, ndani ya Wizara ya Elimu. Mwenye kufanya kazi yadi ajua ya kuwa behewa lisukumwalo huku na huku mzigo wake hauharibiki kila mara, lakini hukawia kufika.

Sheria ya zamani ilibadilishwa mwezi wa Januari 2013. Waziri wakati ule alikuwa Profesa Margaret Kamar, mbunge wa hapa hapa Eldoret Mashariki, mama aliyesomea udongo na kufundisha Chuo Kikuu cha Moi. Sheria hiyo mpya ndiyo inayotawala mpaka leo. Ilijenga nyumba tatu. Ya kwanza ni tume iitwayo NACOSTI, ambayo huishauri Serikali na kutoa ruhusa za utafiti. Ya pili ni KENIA, ya kusaidia watu wenye kubuni vitu vipya. Ya tatu ni Mfuko wa Taifa wa Utafiti.

Hapa twaomba msikilize sana, kwa maana ni jambo la kutumia kesho asubuhi.

Mtu ye yote anayefanya utafiti Kenya, awe Mkenya au mgeni, profesa au mwanafunzi, hana budi kuwa na ruhusa ya NACOSTI. Ni karatasi yenye jina lake, kichwa cha utafiti wake, mahali atakapoufanyia, namba, na tarehe ya kwisha. Masharti yameandikwa. Akifika katika kaunti apaswa kujionyesha kwa wakuu wa Serikali wa hapo kabla ya kuanza kuuliza watu maswali. Na akiisha kumaliza apaswa kupeleka taarifa yake kwa NACOSTI katika muda wa mwaka mmoja. Maana yake ni nini kwetu? Maana yake, wale vijana wawili walikuwa na karatasi, au hawakuwa nayo. Kama walikuwa nayo, basi kuna namba, kuna taarifa, na kuna mahali inapokaa. Tungaliandika namba ile katika daftari, leo tungalikuwa na pa kushika. Lakini sisi tuliwapa chai tu.

Hatusemi wageni wafukuzwe. Utafiti juu ya usalama wetu twautaka. Mtu akija kwa haki na aje, ale, aulize mpaka jua litue. Ila kwanza atoe karatasi, na mmoja wetu ainakili namba. Mtu mwema hatachukia.

Sasa tuliseme jambo la pili, nalo ni la zamani kidogo. Mtaa wetu huu waitwa Pioneer, na vijana wengi hawajui ya kuwa kulikuwa na gari la jina hilo pia. Mwaka 1986 Rais Moi aliwataka watu wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya, hata likiwa baya la sura, hata likiwa si la mbio. Mwaka 1990 magari matano yakaonyeshwa pale Kasarani, yakaitwa Nyayo Pioneer, na yalikimbia mpaka kilomita 120 kwa saa. Yaliundwa na nani? Ukisikia habari zake hutajwa Rais, hutajwa maprofesa. Wenzetu wa karakana kuu ya reli Nairobi hutajwa kwa neno moja tu, "Reli", kama vile jengo ndilo lililofanya kazi. Jengo halisubu chuma. Kuna mtu alitengeneza kalibu kwa mchanga, kuna mtu alisimama mbele ya tanuri, kuna mtu alipima kwa jicho na kusema chuma hiki bado. Kama hakuna aliyeandika majina yao siku ile, nani ataweza kuyaandika leo?

Gari lile halikuuzwa sokoni. Lilianzishwa shirika la kuyaunda kwa wingi, fedha hazikupatikana, na kilichobaki ni kiwanda cha kukata na kusubu vyuma, Numerical Machining Complex, kilichowekwa huko huko kwenye karakana za reli. Watu hulicheka gari lile. Sisi hatulicheki. Kwa hesabu yetu lilikwama kwa sababu ya fedha. Mafundi walikuwapo.

Na fedha ndizo tunazozifikia sasa, ingawa kwa ufupi, maana hesabu kubwa huleta usingizi baada ya chakula. Ile sheria ya 2013 yasema Mfuko wa Utafiti upewe kila mwaka asilimia 2 ya pato la taifa. Katika kila shilingi 100 ambazo nchi yote yazalisha, shilingi 2 ziende katika utafiti. Mwaka 2023 pato la Kenya lilikuwa kama trilioni 15. Asilimia 2 yake ni bilioni 300. Mfuko haujapewa fedha hizo hata mwaka mmoja, wala haujazikaribia. Nchi za Afrika zilikuwa zimeahidiana asilimia 1 tu, na hata hiyo imetushinda. Kwa hiyo msidhani wataalamu wa idara ile wamekaa juu ya gunia la noti. Nao hulia kama sisi tunavyolia mwisho wa mwezi. Maprofesa si adui zetu. Adui ni desturi ya kuandika ahadi katika sheria na kuiacha humo.

Mwenzetu mmoja alituuliza juzi pale kibanda cha chai, "Hayo ni ya Nairobi, Eldoret yatuhusu nini?" Tulimjibu hivi. Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mwaka 1984 kule Kesses, baada ya tume ya Mackay ya mwaka 1981 kusema nchi yahitaji chuo cha pili, chenye kutilia mkazo sayansi na ufundi. Watoto wa watu wa reli wamesoma pale. Na Rivatex, kiwanda cha nguo cha hapa mjini, kilipokufa, chuo hicho hicho kilikinunua mwaka 2007. Mashine mpya zikawekwa, kikafunguliwa tena mwezi wa Juni 2019. Basi hapa Eldoret chuo kikuu kilipata kuwa mwenye kiwanda. Mwanafunzi wa uhandisi akiingia mle, je, ni nani atakayemfundisha kusikia mashine iliyoanza kuugua? Ni fundi aliyeisikia mashine hiyo usiku na mchana. Fundi huyo ni mwalimu, ila hakuna amwitaye mwalimu, wala halipwi kama mwalimu.

Turudi kwa mzee wetu na spana yake. Tuliuliza, je, angaliweza kuilinda? Jibu ni kwamba njia ipo, lakini haiko katika idara hii ya sayansi. Iko katika ofisi nyingine, KIPI, ambayo ni ya upande wa viwanda na biashara. (Behewa moja huku, jingine kule, na mwenye kuyafunga pamoja hayupo. Hilo nalo Serikali ilitazame.) Kwa Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001, mtu aliyebuni kitu kipya aweza kuomba hataza. Na kwa kitu kidogo, kama zana iliyotengenezwa vizuri zaidi kuliko ya zamani, kuna cheti chepesi zaidi kinachodumu miaka 10. Lakini kitu kiwe kipya. Ukikionyesha kwa watu wote na kukaa nacho miaka mingi bila kuomba, kama tulivyofanya sisi, upya huo hupotea. Mzee alikawia. Hakukawia kwa uvivu. Hakuna aliyemwambia.

Na kuna jambo gumu kuliko hilo, nalo hatutalificha. Sheria hiyo yasema, kitu alichobuni mfanyakazi katika kazi aliyoajiriwa kuifanya, haki ya hataza ni ya mwajiri. Tuliposoma hapo mioyo yetu ilianguka. Lakini tuliendelea kusoma, maana tulifundishwa na mapadri tusiishie katikati ya mstari. Mstari waendelea kusema: isipokuwa mkataba umesema vingine. Na tena kitu hicho kikipata thamani kubwa kupita ilivyotazamiwa, aliyekibuni ana haki ya kulipwa kwa haki. Na jina la aliyebuni, hata hataza ikiwa ni ya mwajiri, lapaswa kutajwa. Jina halimfuati mshahara.

Isipokuwa mkataba umesema vingine! Ndugu zetu, ni nani afanyaye mikataba? Mtu mmoja mmoja hawezi. Mzee wetu peke yake angeingia ofisini na kofia mkononi, angeambiwa atarudishiwa jibu. Chama ndicho kinachokaa mezani na mwajiri na kuandika mkataba wa pamoja. Tumeketi katika meza hiyo mara ngapi? Tumeomba nyongeza, tumeomba nyumba, tumeomba buti na makoti ya mvua, na tulifanya vema. Katika miaka yote hiyo hatukuomba hata mstari mmoja juu ya vitu tunavyovibuni. Kosa hilo si la mwajiri. Ni letu.

Kwa hiyo Halmashauri ya Tawi yaleta shauri mbele yenu. Katika mazungumzo yajayo viongozi wetu wa taifa wadai mkataba useme ya kuwa mfanyakazi akibuni chombo au njia ya kazi inayookoa fedha au viungo vya watu, jina lake liandikwe, na alipwe fungu lake. Kiasi gani, hilo tuwaachie wao wabishane. Sisi hatutaki kuwafunga mikono. Pia barua iende kwa Idara ya Sayansi, ikiomba ya kuwa kamati zake zinapochagua mambo ya kusaidiwa, fundi wa karakana akae humo pamoja na msomi. Twajua barua moja haihamishi mlima. Lakini katika wizara ile barua yetu ikikosekana hakuna atakayejua imekosekana.

Kuna watakaosema, fundi asiye na cheti atakaaje na maprofesa? Cheti chaweza kupatikana. Majaribio ya ufundi ya NITA yako wazi kwa mtu aliyejifunza kwa mikono, na Serikali sasa ina mamlaka, KNQA, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2014, yenye utaratibu wa kuutambua ujuzi uliopatikana kazini. Vijana, msingoje. Wazee, msione haya kukaa mtihani pamoja na watoto. Mmoja wetu alikaa akiwa na wajukuu wawili, akapita, na akawatengenezea meza wale waliomsahihisha. Hilo la meza tulisimuliwa, hatukuliona.

Tukingoja mkataba, kuna kitu tuwezacho kukifanya bila ruhusa ya mtu. Tawi limenunua daftari kubwa lenye kurasa zilizotiwa namba. Mfanyakazi akibuni kitu, aje akichore humo, hata mchoro uwe wa kitoto. Aandike tarehe, ameandika nani, kimesaidia nini, na wenzake wawili watie sahihi. Asionyeshe mgeni kabla hajaandika. Daftari si hataza, wala hatutaki mtu adanganyike. Ni ushahidi tu wa kuwa siku fulani, hapa Eldoret, mtu fulani alikuwa nacho. Na katika ukurasa wa mwisho zitaandikwa namba za ruhusa za kila mtafiti anayekuja kutuuliza maswali.

Ukurasa wa kwanza umekwisha kujazwa. Jumapili iliyopita watu watatu wa gengi tulikwenda mpaka kwa mzee, tukamchukulia sukari na majani ya chai, tukamwomba aichore spana. Alikataa kwanza. Akasema mambo yamepita. Mkewe ndiye aliyeileta kalamu. Alichora polepole, akaweka vipimo vyote kwa kichwa, na alipofika kwenye jino la tatu akalichora fupi, akaandika kando yake: "Hapa fundi alikosea." Tukatia sahihi watatu.

Daftari liko kwa mwandishi wa tawi. Siku ya mshahara atakaa nalo stesheni, upande wa ghala la mizigo, tangu saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni. Mwenye kalamu aje nayo, maana ya tawi ni moja.